Moto kando, samaki kando: historia ya moshi kwenye fukwe zetu



Katika mkutano ujao tutachagua tanuru la kukaushia samaki kwa moshi, la kujengwa kwa pesa ya mfuko wa chama na ya wafadhili. Wamama wengine wanataka mapipa, wengine wanataka tanuru la udongo. Ndugu zetu walioko Marekani nao wanauliza: kwa nini tusichukue lile jiko la chuma lenye moto kando, wanaloliona nyuma ya nyumba za majirani? Kabla ya kunyoosha mkono, tuangalie kwanza njia ambayo moshi huu umepita hapa kwetu.

Wakati wa jua na mchanga

Burton na Speke walipofika Uvira mwezi wa 4 mwaka 1858, wazee wetu walikuwa wanaishi na ziwa tangu zamani. Ndagala walivuliwa usiku kwa lusenga, moto wa kuni au nyasi ukiwaka juu ya mtumbwi ili kuwaita. Asubuhi walimwagwa juu ya mchanga, jua likafanya kazi. Mukeke na samaki wengine wakubwa walipandishwa juu ya kichanja cha miti, moto chini yake. Kwa samaki wachache wa familia, hiyo ilitosha.

Miaka ya 1950 mambo yalibadilika. Taa za presha na nyavu kubwa za kuinua ziliingia, na Wagiriki wa Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, walileta meli zenye nyavu za kuzungusha. Watafiti nao walifungua kituo chao hapa Uvira, ambacho leo tunakijua kama CRH. Samaki wakawa wengi kwa usiku mmoja. Umeme wa Ruzizi ulikuja mwisho wa miaka hiyo, lakini barafu haikumfikia mama wa Mboko wala wa Makobola. Kwa hiyo shida ilikuwa ile ile ya leo: samaki hangoji. Wakati wa kiangazi jua linasaidia. Mvua ikianza mwezi wa 9 au wa 10, kisicholiwa siku ile lazima kipate moshi, ao kioze.

Pipa

Ndipo pipa la mafuta lilipopata kazi ya pili. Unalikata katikati, unaweka wavu juu na moto chini. Ni jepesi, fundi yeyote anaweza, na mwenye kupanga nyumba anahama nalo. Lakini munajua mabaya yake. Moto uko karibu sana na samaki: wa chini wanaungua, wa juu bado wabichi, na mama anawageuza mmoja mmoja, uso wake ndani ya moshi. Bati ni jembamba, joto linatoka pembeni, kuni zinakwisha bure. Tena mafuta ya samaki yanadondoka juu ya makaa na kuleta moshi mchafu, ambao unarudi na kukaa juu ya samaki yule yule.

Udongo kutoka Ghana, udongo wa kambini

Wenzetu wa Afrika ya Magharibi walipambana na shida hii mbele yetu. Pale Chorkor, mtaa wa wavuvi karibu na Accra, tanuru jipya lilitengenezwa tangu mwisho wa miaka ya 1960, wamama wakishirikiana na watafiti wa Ghana na FAO. Lina kuta nene za udongo au tofali, midomo miwili ya moto mbele, na juu yake vichanja vya mbao na wavu vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, hata zaidi ya kumi. Vichanja vyenyewe vinakuwa bomba la moshi. Joto halitoroki, na kugeuza samaki ni kubadilisha nafasi ya kichanja tu.

Udongo si mgeni kwetu. Wengi wetu tulikimbia vita ya mwezi wa 10 mwaka 1996, wengine ya 1998, na tukaishi Nyarugusu ao Lugufu kule Tanzania. Mkimbizi hakuruhusiwa kupita kilometa 4 kutoka kambini, na mwanamke aliyefuata kuni porini alijiweka hatarini. Pale wamama walijifunza kukanda jiko la kubana kuni. Meli zilipoanza kuturudisha kutoka Kigoma mpaka Baraka mwaka 2005, mizigo ilikuwa midogo, lakini ufundi huo ulikuwa ndani ya mikono.

Moto kando

Lile jiko la Marekani lina asili ya ufundi pia: kule Texas mafundi waliunganisha mabomba mazito ya visima vya petroli, nyama chumba kimoja, moto chumba kingine cha pembeni. Joto na moshi vinaingia kwa tundu na kutoka kwa bomba la upande wa pili. Mafuta hayadondoki juu ya makaa.

Wazo hilo hilo lilifanyiwa kazi Thiaroye, Senegal, mwaka 2008, FAO ikishirikiana na chuo cha uvuvi. Walichukua tanuru kama la Chorkor, wakaongeza sanduku la makaa, sinia la kukinga mafuta, na chumba cha moshi pembeni. Sababu moja ilikuwa soko: Ulaya inapima sumu ya moshi ndani ya samaki, na tangu mwezi wa 9 mwaka 2014 kipimo kikapunguzwa kutoka mikrogramu 5 mpaka 2 kwa kilo. Sisi hatuuzi Ulaya, lakini watoto wetu wanakula samaki wale wale.

Tuchague nini?

Jiko la chuma kizito linaomba pesa nyingi na fundi wa kuchomelea. Tena tuseme wazi: sisi ni watu tulioacha vitu mara nyingi. Chuma kinaibiwa, ukuta wa udongo hakuna mwenye kuubeba, na unajengwa upya kwa siku chache. Lakini udongo unaogopa maji. Mafuriko ya Mulongwe ya mwezi wa 4 mwaka 2020, na ziwa lililopanda miaka iliyofuata, vilibeba nyumba, sembuse tanuru.

Ushauri wa ukurasa huu ni huu: tanuru moja la pamoja, la tofali, lenye sinia la mafuta na mdomo wa moto pembeni, lijengwe mbali na maji na mto, chini ya paa, mdomo usielekee upepo wa ziwa. Pesa ya chuma iende kwenye sinia na wavu tu. Mwenye kupanga nyumba abaki na pipa lake, na aongeze sinia.

Na tanuru lolote lina sheria zake: samaki aoshwe maji safi, atiwe chumvi, achuje maji kwanza, kuni ziwe kavu na ngumu, plastiki na mbao za rangi zisiingie motoni hata kidogo.

Kila mama aje na hesabu ya kuni anazonunua kwa wiki. Hesabu hiyo ndiyo itatusaidia kupiga kura vizuri.