Faharasa ikibadilishwa, anayetafuta asisahaulike

Mwanafunzi mmoja wa sekondari alinijia hapa Matulo, kaunti ya Bungoma, akiwa na kamusi kuukuu ya babu yake, haina hata jalada. "Mwalimu, kamusi hii haina upendeleo," akaniambia. Nikacheka. Kamusi nzuri haipaswi kuwa na upendeleo, sivyo? Kumbe alikuwa analitafuta neno lenyewe. Alikuwa amepekua herufi U yote. "Hebu fungua P, mwanangu, utafute 'penda'," nikamwelekeza. Akafungua, akalikuta limejibanza chini ya kitenzi chake. Neno lilikuwepo siku zote. Kilichompotosha ni faharasa.

Faharasa ni mpangilio unaotuonyesha kitu kiko wapi ndani ya hazina. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini je, daftari lenyewe likibadilishwa, ni nani anayehakikisha kwamba mali haijapotea? Makala haya yanatazama historia mbili zinazoonekana kuwa mbali, ya kamusi za Kiswahili na ya programu za tarakilishi zinazotunza matoleo ya kazi, kwa sababu zote mbili zilikabiliana na swali hilo.

Tuanze na kamusi. Kamusi ya Ludwig Krapf ilichapishwa London mwaka wa 1882, na ile ya Kiswahili-Kiingereza ya A. C. Madan ikatoka mwaka wa 1903. Mwaka wa 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya maeneo manne: Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Frederick Johnson akawa katibu wake wa kwanza. Kamati hiyo ilikagua miswada ya vitabu vya shule kabla havijachapishwa, na isipoidhinisha, mwandishi alirudi kurekebisha. Huo ulikuwa uhakiki wa kweli, ila wenye lugha hawakuwamo kwenye kamati katika miaka yake ya kwanza.

Kamusi ya Johnson, iliyojengwa juu ya ile ya Madan, ilitoka mwaka wa 1939. Ndani yake maneno mengi yaliyonyambuliwa yalipangwa chini ya mzizi. Kwa mwanaisimu, huo ni mpango mzuri: ukifungua ukurasa mmoja unaiona familia nzima ya neno. Lakini anayeanza kujifunza anatakiwa aujue mzizi kabla ya kulipata neno, yaani ajue nusu ya jibu ndipo aruhusiwe kuuliza swali. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka wa 1981, nomino za aina hiyo zilipewa vidahizo vyake zenyewe, upendeleo likasimama kwenye U. Maneno yalikuwa yale yale, ila mlango wa kuingilia ulihamishwa. Aliyezoea mlango wa zamani ilimbidi ajifunze upya, na kitabu kikishapigwa chapa hakiwezi kumgeukia msomaji na kumwambia, "Ndugu, mimi nimepangwa tofauti."

Sasa tugeukie tarakilishi. Wanaoandika programu hufanya kazi wengi pamoja, na kila badiliko linapaswa kukumbukwa: nani alibadilisha nini, lini, na hali ilikuwaje kabla. Programu ya kutunza matoleo kwa namna hiyo iliandikwa na Marc Rochkind katika maabara za Bell, Marekani, mwaka wa 1972. Inayotumika zaidi leo ni Git, ambayo Linus Torvalds aliianza Aprili 2005, baada ya watengenezaji wa Linux kunyimwa matumizi ya bure ya programu waliyoitegemea. Julai mwaka huo huo, uangalizi wa Git ukapewa Junio Hamano.

Git hukipa kila kitu inachokihifadhi jina refu la herufi na tarakimu 40, kisha hufunga vitu vingi katika furushi moja. Kando ya furushi hukaa faharasa yake. Mwanzoni mwa faharasa kuna jedwali la nafasi 256 linaloonyesha majina yenye mwanzo fulani yanaishia wapi, mithili ya zile alama za herufi zilizokatwa pembeni mwa kurasa za kamusi kubwa. Bila faharasa, programu ingelazimika kulipekua furushi lote, kama kijana wangu na herufi U.

Faharasa ya kwanza ilikuwa na kasoro. Mahali pa kila kitu paliandikwa kwa namba ya biti 32, ambayo haiwezi kuvuka gigabaiti 4. Furushi likinenepa kupita hapo, vilivyo mwishoni havina anwani. Mwaka wa 2007 Nicolas Pitre alileta badiliko: namba kubwa zaidi kwa mafurushi makubwa, na alama ya ukaguzi kwa kila kitu ili kilichoharibika kigunduliwe kabla hakijanakiliwa kwingine. Kwa desturi ya Git, badiliko hutumwa kama maandishi, wenzi wakalisoma mstari kwa mstari na kulihoji, ndipo mwangalizi alikubali au alirudishe.

Kinachonivutia zaidi ni namna badiliko hilo lilivyoingizwa. Toleo la 1.5.2, la Mei 2007, lilijua kusoma na kuandika faharasa mpya, lakini kwa kawaida liliendelea kuandika ile ya zamani. Uwezo wa kuisoma ulipelekwa pia katika 1.4.4.5, la mkondo wa zamani, kwa ajili ya waliokuwa hawajahama. Ni toleo la 1.6.0, la Agosti 2008, lililoifanya faharasa mpya kuwa ya kawaida. Zaidi ya mwaka mmoja watu walifundishwa kusoma kabla ya kuandikiwa! Isitoshe, faharasa mpya hufunguliwa kwa baiti 4 ambazo katika mpangilio wa zamani zingekuwa namba isiyowezekana. Programu kongwe ikikutana nazo hukataa waziwazi badala ya kusoma vibaya na kutoa jibu la uongo. Heri mlango uliofungwa kuliko mlango unaokuingiza nyumba ya mwingine.

Haya yanatuhusu nini huku kati ya Bungoma na Kitale? Yanatuhusu sana. Chukua Lubukusu. Mti ni kumusala, miti ni kimisala. Mtu ni omundu, watu ni babandu. Ukipanga maneno kwa herufi ya kwanza, miti kwa wingi na umoja itarundikana kwenye K pamoja na ngeli nzima, na mtu atatenganishwa na watu. Ukipanga kwa mzizi, mtoto aliyelelewa mjini, asiyejua kwamba mzizi wa mti ni -sala, hatalipata kamwe. Kiswahili nacho kina tatizo lilo hilo kwenye simu: andika "tuliwapikia" katika kamusi isiyojua kuvua viambishi, utaambiwa neno halipo. Mtoto ataamini. Atadhani lugha yake ndiyo yenye upungufu, kumbe ni faharasa.

Ndiyo maana ninasema kazi ya kuhakiki faharasa ya lugha zetu isiachiwe wanaprogramu peke yao, wala wanaisimu peke yao. Mwanaprogramu atauliza kama inafanya kazi haraka na kama inabeba data yote. Mwanaisimu atauliza kama uchanganuzi ni sahihi. Maswali hayo ni ya lazima, lakini lipo jingine ambalo Kamati ya 1930 haikuwa na watu wa kuliuliza: yule anayetafuta bila kujua mzizi, mwenye simu ya zamani na kamusi ya babu yake, bado atafika? Kama hatafika, je, ataambiwa wazi kwamba mlango umehamishwa, au ataambiwa kwamba neno halipo?

Kijana wangu aliondoka na kamusi yake kwapani. Mlangoni akageuka: "Kwa hivyo, mwalimu, kila neno nililodhani halimo, nirudie?" Nikamwambia ndiyo, arudie.