Utaratibu wa Kuondoa Mfumo Endeshi Usiohitajika katika Kompyuta Mpakato Mpya

Kompyuta mpakato nyingi zinazouzwa madukani huja zikiwa tayari na mfumo endeshi wa Windows uliowekwa na mtengenezaji. Mmiliki aliyeweka pembeni yake mfumo mwingine, kwa mfano Ubuntu ambao hutolewa bila malipo, anaweza kuiondoa Windows na kuitumia nafasi yake kwa kazi nyingine. Hata hivyo, kazi hiyo ikifanywa bila mpangilio inaweza kufuta nyaraka za mmiliki au kuifanya kompyuta ishindwe kuanza. Makala haya yanaeleza mambo ya kuzingatia kabla ya kazi hiyo, wakati wa kuifanya na baada yake.

Diski ya kompyuta hugawanywa katika sehemu zinazojitegemea, ambazo mafundi huziita patisheni. Katika kompyuta mpya yenye Windows 11, kwa kawaida huwamo patisheni nne. Ya kwanza ni ya kuanzishia, yenye muundo wa FAT32 na ukubwa wa takriban megabaiti 100 hadi 260. Ya pili ni patisheni ya akiba ya Microsoft, yenye megabaiti 16. Ya tatu, ambayo ndiyo kubwa zaidi, ni ya Windows yenyewe. Ina muundo wa NTFS na huonekana kwa herufi C. Ya nne ni ya urejeshaji, inayohifadhi zana za kuutengeneza mfumo unapoharibika. Baadhi ya watengenezaji huongeza patisheni yao ya urejeshaji.

Ifahamike kuwa diski iliyoandikwa gigabaiti 512 huonyeshwa na Windows kuwa na takriban 476. Tofauti hiyo inatokana na namna ya kuhesabu, wala si dalili ya patisheni iliyofichwa.

Patisheni inayohitaji uangalifu mkubwa ni ile ya kuanzishia. Kwa kuwa ni ndogo na haionekani miongoni mwa mafaili ya kila siku, ni rahisi kuidhania kuwa haina kazi. Kwa kawaida Ubuntu nayo huweka humo faili zake za kuanzia. Ikifutwa, mifumo yote miwili haitaanza.

Kabla ya kufuta chochote, mtumiaji anashauriwa kukamilisha mambo yafuatayo akiwa bado ndani ya Windows:

1. Kunakili nyaraka, picha na kazi zake zote kwenye diski ya nje. Kompyuta nyingi mpya hufunga data kwa usimbaji, hivyo faili hizo huenda zisisomeke kutoka mfumo mwingine bila ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48.

2. Kutengeneza flashi ya urejeshaji yenye ukubwa usiopungua gigabaiti 16. Flashi hiyo itahitajika endapo kompyuta itauzwa au Windows itatakiwa tena. Aidha, katika kompyuta nyingi za sasa ufunguo wa leseni umehifadhiwa kwenye bodi kuu, hivyo haupotei diski inapofutwa.

3. Kusasisha programu ya bodi kuu, kwa kuwa baadhi ya watengenezaji hutoa masasisho hayo kwa Windows pekee.

Baada ya maandalizi hayo, kompyuta iwashwe kwa flashi ya Ubuntu na kufunguliwa programu ya GParted. Patisheni ya NTFS ya Windows itambuliwe kwa ukubwa wake na muundo wake, kisha ifutwe. Ile ya FAT32 ya kuanzishia isiguswe. GParted haifanyi badiliko lolote hadi mtumiaji athibitishe, hivyo orodha ya mabadiliko isomwe upya kabla ya kuthibitisha.

Nafasi iliyopatikana inaweza kutumika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuunda patisheni mpya ya kuhifadhia nyaraka. Hii ni salama na huchukua muda mfupi. Ya pili ni kuipanua patisheni ya Ubuntu. Kwa kuwa nafasi ya Windows kwa kawaida huwa mbele ya Ubuntu kwenye diski, upanuzi huo hulazimu data yote kuhamishwa, kazi inayoweza kuchukua saa kadhaa. Umeme ukikatika na betri ikaisha katikati ya kazi, data inaweza kuharibika. Betri iwe imejaa na chaja iwe imechomekwa muda wote.

Hatimaye, mtumiaji awashe Ubuntu na kuendesha amri ya sudo update-grub ili kusasisha orodha ya kuanzia.

Wananchi wanakumbushwa kusoma masharti ya dhamana ya kompyuta kabla ya kuanza, na kumtumia fundi mwenye ujuzi pale ambapo hawana uhakika na patisheni wanayotaka kuifuta.