Ndege yenye milia na babu wa jamaa yangu

Nilipotea kidogo, si mnajua tena mambo ya testi. Ila kuna kitu kinanikera tangu semina ya Alhamisi.

Swali lilikuwa: ni haki mtu kuhamishwa ili mnyama aishi? Mimi nilikuwa upande wa mnyama na nilijiandaa haswa. Nikawaleta Bernhard Grzimek, yule Mjerumani, na mwanawe Michael, waliohesabu wanyama wa Serengeti kwa kindege walichokipaka milia kama pundamilia. Januari 1959 Michael aligongana na tai angani, ndege ikaanguka, akafa. Miaka 24 tu! Kazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Filamu yao ikachukua Oscar. Darasa kimya, nikajua nimeshinda.

Jamaa ninayekaa naye chumba kimoja akanyoosha mkono. Ni Mmasai wa Ngorongoro, na kwenye semina huwa haongei kabisa.

"Mwaka huohuo 1959 babu yangu alihamishwa Serengeti. Mbona yeye hujamtaja?"

Akaendelea taratibu. Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimasai walikubali kwenye karatasi ya Mwingereza kwamba watatoka. Wakaahidiwa kuishi Ngorongoro pamoja na wanyama. Mwaka 1974 wakatolewa ndani ya kreta, 1975 kilimo kikapigwa marufuku, 1992 kikaruhusiwa. Halafu 2022 familia zikaanza kupelekwa Msomera, Handeni. Serikali ikasema ni hiari, wengine wakakataa katakata kwamba ni hiari.

Kilichonimaliza ni habari ya ng'ombe. Ndama wa nyumbu hubeba virusi vinavyoua ng'ombe, kwa hiyo nyumbu wakizaa, Mmasai huondoa mifugo yake kwenye nyasi tamu kuliko zote, akawapisha. Tena ng'ombe walipochanjwa sotoka, nyumbu nao wakapona: kutoka kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Mimi desa langu lote lilisifia mipaka ya hifadhi tu!

Sijahama upande, msinielewe vibaya. Watu na mifugo wameongezeka mno kule, hilo hata yeye anakubali. Ila nilimsahau babu wa mtu ninayekula naye ugali kila siku.

Usiku mama yake akapiga simu. Waliongea Kimasai muda mrefu, nikashika neno moja tu: Msomera.