Maili Ipi? Vipimo vya Majini na Swala ya Msafiri

Vitabu vya fiqhi ya Kishafi vinasema kuwa masafa ya kukusuru swala ni burdi 4, nazo ni farsakhi 16, yaani maili 48. Wengi huishia hapo. Lakini ni maili ipi? Maili hiyo ni ya Kihashimi, si ya Mwingereza wala ya nahodha. Wanavyuoni wa zama zetu wamekadiria masafa hayo kuwa kati ya kilomita 80 na 89 hivi.

Mabaharia wetu wa kale walipima masafa kwa muda. Ahmad bin Majid, nahodha wa karne ya 15 aliyetunga Sufaliya kuhusu njia ya Sofala, alitumia zamu: mwendo wa jahazi kwa saa 3. Baadaye Wazungu walitupa majini kamba yenye mafundo, wakahesabu yaliyopita kwa muda maalumu. Ndiyo asili ya noti, yaani maili moja ya baharini kwa saa. Maili hiyo iliwekwa kuwa mita 1,852 katika mkutano wa Monako mwaka 1929, ilhali ya nchi kavu ni mita 1,609.

Tofauti hii inagusa ibada. Meli yenye kasi ya noti 12 ikienda saa 4 hukata maili 48 za baharini, karibu kilomita 89. Anayedhani ni maili za nchi kavu atapata kilomita 77, na kumzuia msafiri ruhusa aliyopewa na Mola wake.

Imamu Nawawi (aliyefariki 676 Hijria) ameeleza katika Minhaj kuwa bahari ni kama bara: anayekata masafa hayo kwa saa moja tu hukusuru. Basi kinachozingatiwa ni masafa, si uchovu wala aina ya chombo.

Kwa hiyo anayevuka kwa feri kutoka Mwanza na kuishia Kamanga hakusuru, hata akisubiri gatini nusu siku. Wa Nansio, Ukerewe, kiasi cha kilomita 50, vilevile. Ama wa Bukoba, zaidi ya kilomita 170, masafa yake yametimia bila shaka.

Tuwaulize manahodha masafa, na tuwaulize wanavyuoni hukumu. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.