Mbele ya kulima lengalenga

Bafadhili wanatuuliza: juu ya nini tunaomba feza za kupima bulongo mu lupango zetu za Golf? Jibu linaanzia mbali.

Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kiliwaka 1911, wakati wa Union Minière. Upepo wa kusini-mashariki ulibeba moshi wake mupaka miti ikakauka, bulongo ukabaki wazi. Bazee waliona kwa macho. Tani za shaba zilihesabiwa vizuri sana, lakini kile kilichoingia mwilini mwa watu, hapana.

Kisha Célestin Banza wa chuo kikuu chetu, pamoja na Benoit Nemery wa Leuven, Ubelgiji, wakachukua njia rahisi: mukojo. Mwili unatoa kobalti nyingi kwa mukojo, basi kikombe kimoja kinaonyesha kile kilichoingia siku za karibuni. Walipima watu 351, wakubwa na batoto. Bengine jirani ya migodi na viwanda, bengine upande wa Kamina, kama kilomita 400, kusiko na migodi. Matokeo yalitoka 2009: kobalti ya wale wa jirani ilipita mbali ya wale wa Kamina, na batoto ndio walikuwa na hali mbaya zaidi. Wala hawakuwa wachimbaji, ni watu wa nyumbani tu!

Inapita wapi? Uchunguzi uliofuata ulionyesha chakula, zaidi mboga za hapa hapa, na vumbi. Mutoto anacheza chini, anatia mikono kinywani. Ndiyo maana tunataka kuanza na bulongo wa lupango, mbele ya kugawa mbegu.