Lengelenge

Mtu akitokwa na malengelenge, wengi husema ni tutuko, mkanda wa jeshi au kaungua. Ugonjwa wa pemfigasi ni jambo jingine, tena la nadra. Kingamwili, askari wa mwili, huzigeukia desmogleini, protini zinazoshikanisha seli za ngozi. Seli zikiachana, maji hujaa katikati. Mara nyingi huanzia kinywani: vidonda haviponi, hata uji unachoma. Kwenye ngozi, lengelenge huwa tepetepe, hupasuka upesi, na ukisugua kando yake ngozi inababuka.  Mwaka 1953 daktari wa ngozi Walter Lever aliitenga pemfigasi na ugonjwa wa pemfigoidi, ambao malengelenge yake hukaza. Pemfigasi haiambukizi. Msimtengee mgonjwa sahani. Mpelekeni kwa daktari wa ngozi mapema.