Je, Mwezi Wako Una Jiwe Lake?



Mama mmoja alifika studioni kwetu na swali. Binti yake anatazamia kujifungua mwezi wa 12. Muuzaji wa pete na mikufu amemwambia kwamba mtoto wa mwezi huo ana jiwe lake, la rangi ya bluu, na akivikwa jiwe hilo hatapatwa na magonjwa wala macho mabaya. Bei ya mkufu ni sawa na unga wa nyumba nzima kwa mwezi. Mama akatuuliza: "Watumishi, si hata Biblia inataja mawe 12?" Aliuliza kwa moyo safi, nasi tukamwahidi kufuata habari hii tangu mwanzo wake.

Ni kweli, Biblia inayataja. Katika Kutoka 28 tunasoma habari za kifuko cha kifuani cha Haruni. Kilikuwa na safu nne za mawe, matatu kila safu, na kati yake kulikuwa na zumaridi, yakuti samawi na almasi. Lakini juu ya kila jiwe lilichorwa jina la kabila la Israeli, si jina la mwezi. Na Haruni hakuyavaa ili yamlinde yeye. Aliyavaa ili awachukue watu wa Mungu moyoni mwake kila anapoingia patakatifu. Katika Ufunuo 21 tunaona tena mawe ya thamani, sasa kwenye misingi 12 ya ukuta wa Yerusalemu mpya, na misingi hiyo ina majina ya mitume 12. Hapo pia hakuna siku ya kuzaliwa ya mtu.

Basi miezi iliingia wapi? Katika karne ya kwanza, Josephus, Myahudi mwandishi wa historia, aliandika kwamba mawe ya Haruni yanaweza kufananishwa na miezi 12, au na nyota 12 ambazo Wagiriki walizitumia kupiga ramli. Ulikuwa mfano wake tu, si Neno la Mungu. Karne nyingi baadaye watu wa Ulaya wakaanza desturi ya kila mtu kuvaa jiwe la mwezi wake. Orodha zilitofautiana nchi na nchi, hata mwaka 1912 wauza vito wa Marekani wakakutana katika mji wa Kansas City na kupanga orodha moja ya kuuzia. Mwaka 1952 wafanyabiashara wakaibadilisha. Mwaka 2002 wakaongeza tanzanaiti kwenye mwezi wa 12.

Tusimame hapo kidogo. Tanzanaiti ni jiwe la bluu la jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa. Lilitambuliwa mwaka 1967 huko Merelani, kaskazini mwa Tanzania, na jina lake lilitolewa na duka la vito la Tiffany la New York mwaka uliofuata. Kama jiwe hili ndilo linalomlinda mtoto wa mwezi wa 12, ni nani aliyewalinda waliozaliwa mwezi huo kabla ya mwaka 2002? Bibi zetu waliozaliwa wakati huo walilindwa na nani? Jibu mnalijua.

Sisi wa ufuko huu tuna sababu ya kuwa macho, kwa kuwa vitu vinavyong'aa vimeshapita hapa. Mwezi wa 4 mwaka 1858 wasafiri wawili, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi wakitafuta habari za mto Ruzizi. Waliikuta Uvira ni kituo cha mwisho upande wa kaskazini kwa wafanyabiashara waliotoka Ujiji. Hapa walinunua pembe za ndovu, nafaka, vyuma, na watumwa. Katika malipo ya biashara ile, pamoja na nguo, zilikuwamo shanga, nyingi zimetengenezwa Venice, Italia. Burton anaeleza kwamba shanga moja nyekundu, samesame, ilipewa majina ya utani katika njia za misafara. Iliitwa yenye kumaliza chakula, kwa sababu mtu aliacha chakula chake ili aipate. Iliitwa pia yenye kuvunja mji, kwa sababu nyumba zilifilisika kwa ajili yake.

Shanga zenyewe hazikuwa na dhambi. Mwaka 1874 msafiri Cameron alikuta soko la Ujiji likitumia shanga zilizoitwa sofi kama sisi tunavyotumia franka. Zilinunua samaki na unga. Lakini shanga zilitumika pia kununua watu. Kioo kilichotoka kwenye mchanga kilihesabiwa kuwa na thamani kuliko mtoto wa mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Hapo ndipo hatari ilipo, jana na leo.

Sasa Noeli na Bonane zinakaribia, na kila nyumba inafikiri zawadi. Zawadi si mbaya. Warumi wa kale walipeana zawadi za mwaka mpya, na jina lao la zawadi hizo ndilo lililozaa neno la Kifaransa "étrennes". Mamajusi nao walileta dhahabu, uvumba na manemane. Lakini waliyatoa kwa kumsujudia Mtoto. Hawakumwekea Yesu dhahabu ili imlinde, maana usiku ule Herode alipomtafuta, Mungu ndiye aliyemwonya Yusufu akimbie.

Kwa hiyo, mama yetu, jibu letu ni hili. Mume akimpa mkewe pete kwa upendo, na hana deni la mtu, amshukuru Mungu. Lakini jiwe linalouzwa kwa ahadi ya ulinzi, liache mezani kwa muuzaji. Fedha ile nunua unga, nunua nguo za mtoto na sabuni, na siku yake ikifika umpeleke binti yako hospitali mapema. Kikibaki kitu, mkumbuke jirani ambaye maji ya ziwa yameingia nyumbani mwake.

Na mtoto akizaliwa, mchukue kama Haruni alivyowachukua Israeli: jina lake moyoni mwako, mbele za Bwana, kila siku.